Pikipiki Kuukuu: Nani Anaikagua, Nani Anailipia

Pikipiki mpya ya cc 125 inauzwa zaidi ya shilingi milioni mbili Dar es Salaam. Iliyokwisha kula barabara miaka mitano hupatikana kwa nusu ya bei hiyo au pungufu, na wanunuzi wake ni wengi: mwalimu mwenye shule ya mbali, fundi umeme, mchuuzi wa samaki anayewahi Feri alfajiri, kijana aliyechoka kupeleka hesabu kwa tajiri. Wote hoja yao ni moja, kwamba wameokoa milioni.

Kama wameiokoa kweli, hilo linategemea mambo matatu ambayo kwa kawaida kila moja huzungumzwa kivyake. Fundi huzungumzia injini, trafiki leseni na stika, wakala wa bima malipo. Mwenye pikipiki ndiye pekee anayekutana na yote matatu kwa mpigo, na aghalabu siku hiyo huwa ni siku ya ajali. Ukiyaweka pamoja unabaini kwamba mifumo yetu inaiona namba ya pikipiki, haikioni chuma chake. Namba ya usajili huulizwa kila kona, lakini breki ya nyuma inaweza kumaliza miaka mitatu bila mtu yeyote mwenye mamlaka kuikanyaga. Kwa hiyo mkaguzi wa pikipiki kuukuu ni mwenyewe, apende asipende.

Vizazi vitatu

Pikipiki kuukuu za Tanzania si za aina moja. Kizazi cha kwanza ni cha Kijapani: Honda CG125 na XL, Yamaha DT na AG100, nyingi zikiwa za miradi, misheni na mabwana shamba. Honda ilianza kuitengeneza CG125 mwaka 1976 ikiwalenga wateja wa nchi ambako matengenezo ni haba. Ndiyo maana wahandisi wake waliacha cheni ya taimingi wakaweka fito za kusukuma valvu, muundo wa kizamani lakini unaovumilia uzembe. Kizazi cha pili ni cha Kichina, kilichofurika kuelekea mwaka 2010, na injini zake nyingi ni nakala za CG hiyohiyo. Kizazi cha tatu ni cha Kihindi, Boxer na TVS, ambazo leo ndizo zinazotawala vijiwe.

Kwa mnunuzi, kizazi ndicho kinachojibu swali la spea. Vifaa vya injini za aina ya CG vinaingiliana baina ya chapa nyingi za Kichina, hivyo havikosekani hata kwenye duka la mnadani, ingawa ubora wake hupishana sana. Boxer ina spea kila wilaya, halisi na bandia zikiwa kwenye rafu moja. DT na AG100 ni za stroku mbili, huchoma oili pamoja na petroli, na anayezimiliki lazima amjue mtu wa Kariakoo anayejua pa kutafuta.

Ipo pia tofauti isiyoandikwa kwenye tanki. Pikipiki nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye mkataba: tajiri ananunua, dereva anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda ukitimia pikipiki inakuwa ya dereva. Miezi ya mwisho ya mkataba ndiyo mibaya zaidi. Tajiri hataki kutia fedha kwenye kitu kinachomponyoka, na dereva hataki kutengeneza kitu ambacho bado si chake. Pikipiki hiyo inafika sokoni ikiwa imepitia kipindi kirefu bila mwenyewe, na mnunuzi ndiye anayerithi deni la matengenezo.

Chuma: pa kuangalia

Mita ya kilomita si shahidi wa kutegemea. Waya wake hukatika mapema na wengi hawaurudishii. Mashahidi wazuri ni mipira ya kukanyagia miguu, pedali ya gia na meno ya kiki. Pikipiki inayosifiwa kwamba ilikuwa ya kwendea kanisani tu, huku mpira wa gia umelika hadi chuma kinang'aa, imefanya kazi nyingine zaidi ya kwenda kanisani.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana sababu zake. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha kisha ukakatika huashiria sili za valvu zimechoka, kazi ya gharama ya wastani. Moshi wa bluu unaotoka kila unapovuta mafuta huashiria ringi au silinda, na hapo umenunua pamoja na pikipiki kazi ya kufungua injini. Plagi nayo husema. Ikiwa ya kahawia hafifu, injini inachoma vizuri. Ikiwa na masizi makavu, kabureta inamwaga mafuta kupita kiasi au kichujio cha hewa kimeziba. Ikiwa nyeusi na imelowa, oili inapita mahali isipotakiwa.

Baada ya hapo uache kusikiliza injini, uinamie chesisi. Inyanyue tairi ya mbele hewani, uzungushe usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi unakwama kidogo katikati, biringi za usukani zimechimbika, na pikipiki hiyo itayumba kwenye mwendo. Shika tairi ya nyuma uitikise upande kwa upande. Mchezo wake unatoka kwenye bushi za mkono wa nyuma au biringi za gurudumu. Halafu vua siti, usafishe tope, utafute alama za kuchomelea. Pikipiki zilizobeba magunia ya mkaa na kreti za soda hupasuka chesisi, na fundi wa kuchomelea huziunga zikarudi kazini. Mshono kwenye keria si neno. Mshono karibu na shingo ya usukani ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Chuma: pa kutunza

Matengenezo ya kawaida hayahitaji elimu kubwa, yanahitaji kalenda. Injini hizi ndogo hutumia takribani lita moja tu ya oili, na lita hiyohiyo inahudumia pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Ndiyo sababu oili ya gari ndogo haifai: baadhi yake zina viambato vya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani ya oili inauhitaji huo msuguano ili ishike. Matokeo yake ni klachi inayoteleza kwenye mlima huku injini ikipiga kelele. Kwenye chupa ya oili ya pikipiki, tafuta maandishi ya JASO MA au MA2.

Ukichukua kiwango cha kubadilisha oili kila kilomita 2,000, mwalimu anayetembea kilomita 30 kila siku ya kazi atafika huko baada ya miezi mitatu. Bodaboda anayepiga kilomita 100 kwa siku atafika baada ya siku 20. Wote wana Boxer, lakini anayekwambia "badilisha kila mwezi" bila kukuuliza unatembea kiasi gani anakisia tu.

Breki za pikipiki nyingi kuukuu ni za ngoma, mbele na nyuma. Kwenye ngoma nyingi kuna mshale mdogo unaosogea kadiri brekishu zinavyolika, na ukifika kwenye alama ya mwisho, kinachotakiwa ni brekishu mpya. Fundi anayekaza nati ya fimbo ya breki kila wiki bila kufungua ngoma anaahirisha tatizo. Tairi nayo ina umri usioonekana kwenye kashata zake. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2319 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa dukani ikipigwa jua inaweza kuwa na kashata nzima huku mpira wake umeanza kupasuka.

Umeme ndio unaopuuzwa kuliko vyote, kwa kuwa pikipiki yenye kiki inawaka hata betri ikiwa imekufa. Lakini bila betri nzima, taa ya breki na indiketa hazifanyi kazi ipasavyo, na hizo ndizo zinazoongea na dereva wa lori aliye nyuma yako. Kipimo chake ni cha dakika moja: weka mita kwenye vichwa vya betri, vuta mafuta kiasi. Volti 14 hivi ni nzuri. Ikibaki 12, haichaji. Ikipita 15, rektifaya imeharibika na itachoma taa moja baada ya nyingine.

Karatasi

Kadi ya pikipiki ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ya kwanza hupigwa kwenye shingo ya usukani, ya pili kwenye bloku la chini la injini. Zisome zote mbili kwa macho yako, ukilinganisha na kadi. Kwenye pikipiki kuukuu, injini ya awali mara nyingi ilishakufa na nyingine ikafungwa bila TRA kuarifiwa. Kwa injini za Kichina, hata ukubwa wake unasomeka hapo: namba inayoanza na 156FMI ni ya cc 125, na 162FMJ ni ya cc 150. Kadi ikisema 125 na chuma kikisema 162FMJ, unauziwa vitu viwili vyenye karatasi ya kimoja.

Tatizo la pili ni mlolongo wa mauzo. Pikipiki imepita mikono minne, kila mara kwa karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe, lakini kadi bado inasoma jina la mtu wa kwanza. Muda wote mambo yakiwa shwari, hakuna anayejali. Pikipiki ikiibwa, ikihusishwa na uhalifu au ikigonga mtu, swali la kwanza ni mmiliki ni nani. Kampuni ya bima nayo inataka kuona kwamba anayedai ana haki kwenye mali hiyo. Na kama mtu wa kwanza amefariki, ulichonunua kimegeuka sehemu ya mirathi ya familia usiyoifahamu. Kubadilisha umiliki TRA kunadai TIN, ada na muda, na kunaudhi zaidi pale pikipiki yenyewe ni ya bei ndogo. Hata hivyo ni rahisi zaidi kufanya hivyo siku muuzaji anapoisubiri hela yako kuliko siku unapomtafuta.

Siku hiyohiyo angalia kama namba ina faini ambazo hazijalipwa. Mfumo wa polisi wa faini za barabarani huonyesha deni kwa kutumia namba ya usajili. Faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya 2021/22, lakini hata faini ndogo zikirundikana huwa mzigo.

Jambo moja limekuwa jepesi. Ada ya leseni ya mwaka ya chombo cha moto ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Hivyo pikipiki iliyolala uani haizalishi deni jipya la ada hiyo. Upande wa pili ni kwamba anayelipa sasa ni anayechoma mafuta: kabureta isiyorekebishwa inamlipisha mwenyewe kodi zaidi kila lita inayopotea bure.

Ukaguzi

Ukaguzi unaoifikia pikipiki ya kawaida hapa kwetu una milango mitatu. Wa kwanza ni trafiki barabarani, ambaye kwa dakika mbili anaangalia leseni ya udereva, bima, kofia ngumu, saitimira na taa. Wa pili ni Wiki ya Nenda kwa Usalama, ambapo vyombo hukaguliwa na kupewa stika. Wa tatu ni leseni ya usafirishaji, kwa pikipiki za abiria, chini ya kanuni zilizotungwa mwaka 2010 na ambazo leo zimo mikononi mwa LATRA. Yote mitatu ina manufaa. Hakuna hata mmoja unaofungua ngoma ya breki.

Wenzetu wamechukua njia nyingine. Uingereza ilianzisha kipimo cha MOT mwaka 1960 kwa vyombo vilivyotimiza miaka kumi; leo huanza vikitimiza miaka mitatu na hurudiwa kila mwaka, ila vile vilivyopita miaka 40 bila kubadilishwa sana vimesamehewa. Ufaransa, ambako waendesha pikipiki waliupinga ukaguzi kwa miaka na kuandamana, imeuanza tarehe 15 Aprili 2024. Mabishano ya huko yanafundisha: wapinzani walisema gharama inamwangukia mwenye chombo cha bei ndogo, watetezi wakasema chombo cha bei ndogo ndicho kinachokosa matengenezo. Pande zote mbili zina hoja.

Kuiga mfumo huo kama ulivyo kungemtesa mtu wa Kilombero au Nanyumbu, ambaye nauli na siku ya kazi iliyopotea vingezidi gharama ya brekishu zinazotakiwa. Kinachowezekana kipo karibu zaidi. VETA imekuwa ikiwatambua mafundi waliojifunzia gereji na kuwapa vyeti vya ujuzi wao. Fundi wa namna hiyo, kwenye kata, anaweza kukagua vitu vichache vyenye kuua: breki, tairi, biringi za usukani, cheni, taa na chesisi. Ni kazi ya nusu saa. Asiye na fundi wa namna hiyo aifanye mwenyewe siku ileile anayobadilisha oili, kwa sababu spana ziko tayari chini.

Bima

Bima ndogo ni lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Inachobeba ni dhima yako kwa watu wengine utakaowaumiza au kuwaua. Haibebi mguu wako uliovunjika, wala pikipiki yako iliyokunjika. Wengi hulijua hili hospitalini. Anayeitegemea pikipiki kwa kipato anahitaji kinga nyingine kwa ajili ya mwili wake, iwe bima ya afya au bima ya ajali binafsi.

Bei ya bima ndogo hupangwa kwa aina ya chombo na matumizi. Wakala haulizi tairi zimelika kiasi gani. Mwenye pikipiki inayotunzwa na mwenye pikipiki isiyo na breki hulipa sawa. Kwa mtazamo wa mwananchi huo ni usawa. Kwa mtazamo wa usalama, ina maana bima haimpi mtu motisha yoyote ya kutengeneza chombo chake.

Kosa kubwa kwenye bima ya pikipiki kuukuu ni la matumizi. Mtu anakata ya matumizi binafsi kwa kuwa ni nafuu, kisha jioni anabeba abiria wawili watatu apate ya mboga. Abiria wa kulipa yumo kwenye hatari ya biashara, ambayo bima binafsi haikuichukua. Ajali ikitokea, kampuni ina sababu ya kukataa, na dai linarudi kwa mwenye pikipiki. Akiba ya makumi machache ya maelfu inakuwa imekula kiwanja. Leseni nayo iwe ya daraja linalolingana na injini: A1 kwa zisizozidi cc 125, A kwa zinazozidi. Dereva wa A1 aliyefungiwa injini ya cc 150 kimyakimya amejitia kwenye matatizo mawili kwa wakati mmoja.

Stika za karatasi ziliwahi kughushiwa sana. Sasa bima huingizwa kwenye mfumo wa TIRA, na yeyote anaweza kuhakiki kwa namba ya usajili. Fanya hivyo kabla hujaachana na wakala, si baada ya kuajiri wakili.

Bima kubwa kwa pikipiki kuukuu ni hesabu nyingine. Kampuni nyingi huwa nzito kuikatia pikipiki iliyozeeka, na zinapokubali hulipa kwa thamani ya soko siku ya hasara, si bei uliyonunulia, wala haziilipi injini iliyokufa kwa uchakavu. Ipo pia kanuni ya uwiano. Tuseme pikipiki ina thamani ya shilingi 1,200,000, wewe ukaandika 600,000 ili ulipe kidogo. Ukipata hasara ya 300,000, umekatia nusu ya thamani, kwa hiyo utalipwa nusu ya hasara, yaani 150,000, na humo bado kitatolewa kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe. Kwa wengi, fedha hiyo ya bima kubwa ingefanya kazi zaidi kwenye kufuli nzuri na brekishu mpya.

Baada ya ajali, tabia ya kumalizana kienyeji huua madai mengi. Mtu anakiri kosa barabarani, anatoa laki moja, aliyeumia anaondoka. Wiki mbili baadaye mguu unaoza, ndugu wanarudi, na hakuna taarifa ya polisi, hakuna PF3, kampuni ya bima haijawahi kuarifiwa. Majeruhi ana haki ya kudai kwenye bima ya chombo kilichomgonga. Kuripoti kunamlinda yeye, na kunamlinda pia mwenye pikipiki.

Hesabu ya mwisho

Mali bila daftari huisha bila habari, na pikipiki kuukuu ndiyo mali inayoisha hivyo kuliko zote, kwa elfu tano leo na elfu kumi na mbili keshokutwa. Daftari la shilingi elfu moja lenye tarehe, kilomita, spea na bei linatosha kuonyesha kama chombo kinakulisha au wewe ndiye unayekilisha. Linasaidia pia siku ya kuuza, kwa sababu mnunuzi makini hulipa zaidi kwa pikipiki yenye historia.

Ukiyapima yote haya, mpangilio wa umuhimu unageuka kinyume na ule wa sokoni. Wanunuzi wengi husikiliza injini kwanza, wakaangalia chesisi kwa juujuu, na kadi wakaiweka mfukoni bila kuisoma. Injini ndiyo inayotengenezeka kuliko vyote: ringi, silinda, valvu, hata injini nzima vinapatikana. Chesisi iliyopasuka shingoni haitengenezeki kwa uhakika. Karatasi zenye kasoro hazitengenezwi na fundi yeyote. Mwenye busara aanze na kadi, afuate chesisi, amalizie na injini. Na ukarabati unaozidi nusu ya bei ya pikipiki ufanyike tu pale mawili ya kwanza yako safi.

Kwa upande wa serikali na kampuni za bima, hatua inayofuata si ngumu kuifikiria. Mfumo wa TIRA unaijua namba ya pikipiki, na wa polisi unaijua namba hiyohiyo. Cheti cha fundi anayetambuliwa kikiingizwa humo na kumpunguzia mwenye chombo bei ya bima, watu watafungua ngoma za breki bila kusubiri trafiki. Kwa sasa gharama ya breki mbovu haimwangukii aliyeizembea peke yake. Anaibeba abiria aliyepanda kijiweni bila njia yoyote ya kujua, na mtembea kwa miguu ambaye hakupanda kabisa.